Bi Itauma Aweka Chini Sindano

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wetu wa chumba cha sindano katika jengo la watoto atavua sare yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mwaka wa kwanza aliutumia wodi ya wazazi. Iliyobaki yote ameimaliza katika chumba kimoja chenye dirisha moja, kitanda kimoja, viti vitatu na mlango unaokwaruza sakafu. Alipelekwa pale kwa muda tu, hadi mwenzake atakaporudi kutoka likizo. Mwenzake hakurudi, na huo muda ndio unaoisha Ijumaa.

Kwa haki yake angekwisha kuondoka miezi mitatu iliyopita. Likizo alizolimbikiza zilitosha kumlaza nyumbani hadi siku ya kustaafu. Ofisi ya utumishi ilimwita kumkumbusha, ikamwita tena kumbembeleza. Mume wake alikwisha kupaka rangi kibaraza na kununua viti viwili vya kukalia jioni. Yeye akakataa. Alikuwa na mgonjwa wa miaka minane, msichana, ambaye alihitaji sindano kila siku ili aishi, na ambaye alikuwa radhi kwa lolote lile ilimradi asichomwe. Bi Itauma alisema haondoki mpaka mtoto huyo aweze kuchomwa nyumbani kwao bila kukamatwa na mtu. Wengine tulicheka chinichini. Tulimjua kwa miaka yote hiyo, na bado tulidhani anatania.

Wageni wakisikia tunamwita Bi Itauma hushtuka kidogo, wakadhani ni mkono wake mzito. La hasha. Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, na lina kisa chake. Zamani, mtoto akiingia chumba cha sindano, aliingia na watu wanne: mmoja wa kumshika miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa, na mmoja wa kusema uongo. Huyu wa mwisho kazi yake ilikuwa kurudia, "Haiumi, mwanangu, ni mbu tu." Sasa mtoto naye si mjinga. Mbu anamjua, na hajawahi kumwona mbu aliyehitaji wasaidizi watatu.

Muuguzi wetu alikuwa mgeni pale, lakini aliona jambo moja upesi. Mtoto aliyedanganywa leo, wiki ijayo alianza kulia getini. Safari ya tatu alianza kulia nyumbani, akiona tu mama yake anatafuta viatu. Basi akaamua kusema kweli. Mtoto akikaa kitini, yeye humwinamia mpaka macho yakutane, kisha humwambia: "Itauma. Kidogo. Halafu itaisha." Daktari mkuu wa wakati ule alimwita ofisini kumuuliza kwa nini anatisha wagonjwa. Wanasema alijibu bila kukaa: "Daktari, mimi nikiwaambia imeisha, wananiamini. Nyie mnaaminiwa?" Hakuitwa tena kwa habari hiyo.

Chumba chake kina sheria ambazo kila mtoto wa mtaa huu anazijua kwa kichwa. Kulia ruhusa, kukimbia hapana. Mtoto ndiye anayechagua mkono, ndiye anayechagua apakatwe na nani, na ndiye anayesema tayari. Kabla ya hapo sharti apulize chai. Ananyoosha viganja viwili mbele ya mdomo kama ameshika kikombe cha moto, anavuta pumzi kwa pua, kisha anapuliza polepole ipoe. Mara ya tatu mabega yanakuwa yameshuka. Dawa hii ilivuka mipaka ya chumba zamani sana. Dereva wetu wa gari la wagonjwa alikutwa akipuliza chai nje ya mlango wa mkurugenzi siku aliyogonga ukuta wa stoo, na mikononi hakuwa na kikombe.

Ana vituko vyake, tusimpambe kupita kiasi. Huimba vibaya, na kwa sauti. Vikao vya asubuhi huviita kupotezeana muda, mbele ya mwenyekiti wa kikao. Mafundi walipokuja kurekebisha mlango wake unaokwaruza aliwafukuza, akasema kelele ile ndiyo inayomjulisha kuna mtu mfupi anatoroka. Sisi wa mapokezi, ambao dirisha letu linatazamana na mlango huo, tumeumwa masikio kwa ajili ya sera hiyo na hatujalipwa fidia.

Lakini ukitaka kumwona amekasirika kweli, mtishie mtoto kwa jina lake. Sote tumelelewa kwa wimbo huo: nyamaza, la sivyo sista atakuchoma, kula, la sivyo nakupeleka ukachomwe. Siku moja alikuwa sokoni, hana sare, anachagua nyanya. Mama mmoja akamtambua, akamwambia mtoto wake aliyekuwa akililia mpira, "Unamwona yule? Endelea kulia, atakuchoma sasa hivi." Bi Itauma akaweka nyanya chini. "Mama, nimekuja kununua nyanya," akasema, watu wakasikia hadi kwa wauza vitunguu. "Sichomi watoto wanaolia. Na wewe mwanangu, lia tu, ila mpira huo mama hana hela yake." Kesho yake alimwita fundi wa mabango, na tangu hapo mlangoni kwake pameandikwa: HAPA HACHOMWI MTUKUTU. ANACHOMWA MGONJWA.

Wazazi wengi humjia wakiona aibu kwamba mtoto wao ni mwoga. Yeye huwaambia wahenga walikwisha kulimaliza: wasiwasi ndio akili. Mtoto mwenye wasiwasi, asema, anafikiri, ila hana wa kufikiri naye. Kwa hiyo yeye huuliza. Aligundua mvulana mmoja hakuogopa sindano hata kidogo. Aliogopa kwamba akishachomwa, mama ataondoka na kumwacha alale wodini. Mwingine alidhani damu ikitolewa ile ya kupima, haitarudi tena, na iliyobaki haitamtosha hadi jioni. Dada mmoja mdogo alilia siku mbili wodini, dawa zikabadilishwa bure, mpaka Bi Itauma alipomwuliza wasiwasi wake uko wapi. Akagusa tumbo. Kuna nini humo tumboni? Kuna kaka yake, ambaye kwa hakika muda huo alikuwa nyumbani, amelala kwenye kitanda cha huyu dada bila ruhusa. Baba alipigiwa simu, kaka akahamishwa, mtoto akalala.

Tumrudie sasa yule wa miaka minane.

Aliletwa na bibi yake anayemlea, akiwa amelegea, midomo mikavu, anahema haraka. Ikagundulika ni kisukari, kile ambacho mtoto hukipata bila kosa la mtu, na ambacho hakiendi bila insulini. Madaktari walimwokoa. Alipopata nafuu, daktari wa watoto akaketi na bibi akamweleza: mwanao atachomwa sindano kila siku, asubuhi na jioni, na atakayemchoma ni wewe. Mtoto alikuwa kitandani akisikiliza. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nimefanya kosa gani?"

Daktari alidhani anaweweseka kwa homa. Bi Itauma, aliyekuja kubadilisha dripu, alielewa palepale. Mtoto huyu alilala kila usiku wa maisha yake kwa kuambiwa kwamba asipofumba macho, sista wa sindano ataitwa. Sasa ameitwa. Na hukumu ni ya kila siku.

Nyumbani mambo yalikwenda mrama. Msichana alijificha chini ya kitanda, nyuma ya matangi, mara moja ndani ya kabati la nguo. Bibi alimvuta, akashindwa, akaahirisha mpaka jioni, na jioni akaahirisha mpaka kesho. Mtoto akarudishwa kwetu akiwa hoi kuliko mara ya kwanza. Baada ya kumrejeshea fahamu, daktari alitoka nje, akaegemea ukuta wa korido na kusema maneno ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia: akirudi hivi mara nyingine, sina hakika tutampata. Hapo ndipo Bi Itauma alipokwenda ofisi ya utumishi kurudisha karatasi za likizo.

Wapo walioona suluhisho ni mtoto akae wodini miezi. Wapo waliosema ashikwe tu, uhai kwanza, atazoea. Yeye alisema kushikwa wodini kunawezekana kwa kuwa tupo wengi, lakini nyumbani kwao kuna kikongwe mmoja na mtoto mwepesi wa miguu. Akamwekea msichana sharti moja lisilojadiliwa na mengine yote akayaweka mezani. Sindano ipo, asubuhi na jioni, hilo limekwisha. Paja lipi, kiti kipi, nani asimame wapi, dirisha liwe wazi au limefungwa, hayo ni yako, mwanangu. Wodini jambo likaanza kuwezekana, kwa machozi, lakini bila kushikana. Ila ikitajwa nyumbani tu, mtoto alikakamaa mwili mzima.

Basi akamgeukia bibi. "Dada," alimwambia, kwa kuwa umri wao haupishani sana, "huyu mtoto anatumikia kifungo. Wewe ndiye uliyemhukumu, wewe ndiye wa kumfungua. Mwambie ulimdanganya." Bibi akaona amevunjiwa heshima. "Nimwombe radhi mtoto niliyembeba mgongoni? Kesho si atanipanda kichwani?" Akajifunga kanga na kwenda kukaa kwenye benchi la nje. Bi Itauma akamfuata na kukaa naye. Kesho yake akakaa naye tena. Hakuongeza neno juu ya lile. Walizungumzia magoti, bei ya mafuta ya kupikia na watoto wasiopiga simu. Sisi dirishani tulikuwa tunaona wanawake wawili watu wazima, kila mmoja amekaza shingo, wanagawana karanga.

Wiki ya pili akamleta bibi chumbani kujifunza kuchoma kwa kutumia chungwa, kama wanavyojifunza wote. Msichana alikuwa kwenye kiti cha pembeni, akisubiri zamu yake. Bibi akashika bomba la sindano. Akakunja uso, akabana midomo, akalisogelea chungwa, na kadiri alivyolisogelea ndivyo uso ulivyozidi kukunjamana. Bomba likamponyoka likabingirika chini ya kitanda. Akasimama pale akitokwa na jasho, kisha likamtoka lililokuwa moyoni: "Mimi mwenyewe naziogopa. Tangu nilipokuwa kama huyu. Nilimtishia nazo kwa sababu sikujua kitu kingine kinachotisha kama hizi."

Hapo Bi Itauma akaona kilichokuwa kikitokea nyumba ile kila asubuhi. Kikongwe alikuwa akiikaza sura ili mtoto asione hofu yake, na mtoto alikuwa akiona sura ya mtu aliyekasirika anakuja na sindano. Ni adhabu tupu. Tulikuwa tunatibu mwoga mmoja, kumbe walikuwa wawili.

Msichana alishuka kitini. "Kumbe unaogopa, Bibi?" Bibi akaitikia kwa kichwa. "Si hasira?" Si hasira. Mtoto akafikiri, kisha akanyoosha viganja vyake mbele ya mdomo na kumwonyesha. "Puliza chai, Bibi. Fanya hivi." Bibi akapuliza, mara moja, mara mbili, machozi yakimtiririka.

Yafaa ijulikane kwamba bibi huyu na mjukuu wake, kama bibi wengi na wajukuu wao wa kike, huitana mke mwenza. Wanamgombea babu, marehemu wa siku nyingi ambaye hana habari. Mzee hawezi kumpigia mtoto magoti, lakini mke mwenza kwa mke mwenza mambo huzungumzika. Bibi akafuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Mke mwenza, nakuomba radhi. Hukufanya kosa lolote. Sindano haijawahi kuwa adhabu. Nilikuwa nasema uongo ili ulale." Msichana alichukua muda wake, kwa kuwa ni msichana wa kuchukua muda wake. "Haya," akasema mwisho. "Lakini babu ni wangu mwezi mzima."

Akakaa, akachagua paja la kushoto na kusema tayari. Bibi ndiye aliyechoma, na Bi Itauma akamshika kifundo cha mkono hadi mwisho. Kwa miaka yote ya chumba kile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza aliyeshikwa kuwa mchomaji.

Ingekuwa hadithi, tungekomea hapo. Haikuwa hadithi. Siku ya tatu tangu waruhusiwe kurudi nyumbani bibi alitupigia simu mapokezi: mtoto amejifungia bafuni na hafungui. Tulipompigia Bi Itauma alikuwa njiani kuja kazini. Akageuza, akaenda kwao kwa miguu, akaketi sakafuni nje ya mlango wa bafu na sare yake nyeupe. Alizungumza na ubao. "Sindano haiondoki," alisema, "na mimi siondoki. Na bibi yako haondoki, maana ni kwake. Kilichobaki ni wewe kuchagua paja." Akaanza kuimba. Kwa maelezo ya bibi, mlango ulifunguliwa kabla ya ubeti wa pili, mtoto akasema atakubali chochote ilimradi wimbo ukome. Alifika kazini amechelewa, ana vumbi mgongoni, na mwenyekiti wa kikao hakuthubutu kumuuliza kitu.

Alikwenda kwao tena kesho yake, na kesho kutwa. Kisha akawa anakwenda siku moja na kuacha moja, kisha mara moja kwa wiki, akisimama uani tu, mikono nyuma, bila kugusa chochote. Mwisho akaacha kwenda, na hilo, alikiri, lilimshinda kuliko yote. Alikuwa akija asubuhi na kuitazama simu yetu ya mapokezi kana kwamba inamdai. Simu haikulia. Daktari alipima sukari ya mtoto kliniki ya kwanza, akaipima ya pili, akaipima ya tatu, kila mara akaikuta imekaa sawa, na mara ya tatu akatoka koridoni kwa hatua ndefu kumtafuta muuguzi wetu. Alimpa mkono, kisha akampa mkono tena.

Wauguzi aliowafundisha wametawanyika katika hospitali nyingi, na inasemekana huko nako watoto wanapuliza chai. Atakayepokea chumba amekaa naye tangu mwaka jana na tayari anakwenda naye sawa kwa ukaidi. Hayo ni mafanikio, na mkurugenzi atayasoma vizuri siku ya sherehe. Sisi wa mapokezi tuna letu, tuliloliona Jumatano iliyopita.

Ilikuwa siku ya kliniki. Bi Itauma alijua watakuja, kwa hiyo alisimama mlangoni kwake mapema, sare imenyooshwa, amejipaka hata mafuta ya mdomo. Mtoto akatokea mwisho wa korido na begi la shule mgongoni, anakimbia, bibi nyuma yake anatweta. Alikwisha kuchomwa nyumbani, alikwisha kunywa chai, na somo la kwanza lilikuwa la kuchora. Akapita mbele ya chumba cha sindano bila kupunguza mwendo. Akapunga mkono tu, kama anavyompungia jirani, akaingia kwa daktari. Bi Itauma akabaki pale na mkono wake hewani. Tuliona uso ukimsawijika, na mmoja wetu akataka kutoka kumliwaza. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, akatugeukia na macho yamejaa, akasema, "Mmemwona? Hana haja na mimi!" Hatujawahi kumsikia akijisifu kwa kitu kingine chochote.

Siku hiyohiyo mchana alikwenda ofisi ya utumishi mwenyewe, bila kuitwa, akatia saini karatasi zote za kustaafu.

Bi Itauma, tunakushukuru. Kwa niaba ya watoto waliolia kwa ruhusa, wazazi uliowakemea kwa haki, na sisi tuliojifunza kazi kwa kukutazama tu kupitia dirisha, asante sana, mama. Kakalie kile kiti kwenye kibaraza kipya, na mzee wako avumilie nyimbo. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na simu nyingi kutoka kwa watoto wako. Tunakutakia maisha mema na marefu.

Jumatatu chumba kitafunguliwa saa moja na nusu kama kawaida, na mtoto wa kwanza atakayeingia ataambiwa ukweli.